Jinsi ya Kuipima Sheria Inayokataza Kukana Mauaji ya Kimbari

Ukimuuliza mtu kama wanaokana mauaji ya kimbari waadhibiwe, mara nyingi atakujibu papo hapo, ama kwa sababu amewakumbuka manusura, ama kwa sababu amemkumbuka mwandishi aliyetiwa gerezani, na katika hali zote mbili atakuwa amejibu kabla ya kuisoma sheria inayozungumziwa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi, mwanahabari, mbunge au mtetezi wa haki ambaye ameletewa sheria au muswada wa aina hiyo na anatakiwa kutoa maoni ya maandishi. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sheria hizi hazifanani hata zinapobeba jina moja, na ile inayowakinga watu hutofautiana na ile inayoikinga serikali kwa maneno machache yaliyomo ndani ya vifungu vyake, ambayo msomaji makini anaweza kuyatambua.

Anza kwa kuiweka kando hoja moja inayorudiwa sana, kwamba nchi inalazimishwa na sheria ya kimataifa kuwafunga wanaokana. Mkataba wa Kuzuia na Kuadhibu Kosa la Mauaji ya Kimbari, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 9 Desemba 1948, unataja katika Ibara ya 3 mauaji yenyewe, kula njama ya kuyatenda, kuyachochea moja kwa moja na hadharani, kujaribu kuyatenda, na kushiriki katika kuyatenda. Kukana hakumo. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unailinda haki ya kujieleza katika Ibara ya 19 na kuruhusu mipaka iliyowekwa na sheria na iliyo ya lazima, kisha Ibara ya 20 inaagiza kupigwa marufuku kwa utetezi wa chuki ya kitaifa, ya rangi au ya kidini unaochochea ubaguzi, uhasama au vurugu. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2011, katika Maoni ya Jumla Namba 34, kwamba sheria zinazoadhibu maoni kuhusu matukio ya kihistoria hazipatani na Mkataba huo. Hata hivyo, Kamati hiyohiyo mwaka 1996 ilikuwa imekataa malalamiko ya Robert Faurisson dhidi ya Ufaransa, aliyeadhibiwa kwa kukana kuwepo kwa vyumba vya gesi, kwa kuwa adhabu hiyo ililenga kuwawezesha Wayahudi kuishi bila hofu ya chuki. Weka kauli hizo mbili kando kwa kando na utaona kipimo kinachozipatanisha: kosa linaloweza kuadhibiwa si kuikosea historia, bali ni kuitumia historia iliyopotoshwa kuwashambulia watu walio hai.

Tafuta tukio, kisha tafuta aliyelithibitisha

Jambo la kwanza la kulikagua katika kifungu ni mauaji gani yanayolindwa dhidi ya kukanwa, na ni nani aliyeamua kwamba yalikuwa ya kimbari. Sheria ya Gayssot ya Ufaransa, ya tarehe 13 Julai 1990, ilijifunga kwa makosa dhidi ya ubinadamu yaliyoainishwa katika hati ya Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Wanazi, na kutendwa na watu au jumuiya zilizotiwa hatiani kimahakama. Ubelgiji, iliyokuwa na sheria ya mwaka 1995 kuhusu Maangamizi ya Wayahudi pekee, iliongeza mwaka 2019 kosa la kukana mauaji ya kimbari yaliyothibitishwa na mahakama ya kimataifa. Kwa njia hiyo, mshtakiwa anajua mapema ni jambo gani limekwisha kuamuliwa, na aliyeliamua ni jaji aliyesikiliza pande zote mbili.

Kwa upande wa Rwanda sharti hilo limetimizwa vizuri kuliko karibu popote. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu tarehe 2 Septemba 1998, ikiwa hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo, na tarehe 16 Juni 2006 kitengo chake cha rufani kikatamka kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa mbele ya jaji. Srebrenica nayo, nchini Bosnia, ambako zaidi ya wanaume na wavulana 8,000 waliuawa Julai 1995, ina hukumu za mahakama ya kimataifa iliyoundwa kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani na ile ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya mwaka 2007.

Linganisha na bunge linalojitwika kazi hiyo lenyewe. Ufaransa ilipitisha mwaka 2001 sheria ya kuyatambua mauaji ya Waarmenia, na miaka kumi baadaye wabunge wakataka kumwadhibu yeyote anayekana mauaji ya kimbari yaliyotambuliwa na sheria ya nchi. Baraza la Katiba lilifuta muswada huo tarehe 28 Februari 2012, likieleza kwamba bunge haliwezi kulitambua kosa lenyewe kisha likamwadhibu anayelipinga. Wengi walikasirika, lakini nadhani Baraza liliona mbali, kwa sababu bunge linaloweza kutangaza ukweli wa kihistoria kwa wingi wa kura linaweza pia kuutangaza ukweli ulio kinyume chake. Huko Uturuki kifungu cha 301 cha Kanuni ya Adhabu kilitumika dhidi ya waliosema kwamba mauaji ya Waarmenia yalitokea: mhariri Hrant Dink alitiwa hatiani mwaka 2005 kwa kuudhalilisha utaifa wa Kituruki, akauawa kwa risasi jijini Istanbul tarehe 19 Januari 2007, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaitia Uturuki hatiani.

Kipimo cha hukumu ya mahakama kina kasoro ambayo haifai kufichwa. Waarmenia wa mwaka 1915 hawakupata mahakama ya kimataifa, wala Waherero na Wanama walioangamizwa na jeshi la Ujerumani katika Namibia ya leo kati ya 1904 na 1908. Anayeshikilia kipimo hiki akubali kwamba waliodhulumiwa kabla ya mahakama kuundwa wanabaki nje, na aseme ni njia gani nyingine atakayowatetea kwayo.

Chunguza vitenzi

Hapa ndipo sheria nyingi zinapoharibika. Vitenzi vinavyokutana katika vifungu hivi ni kukana, kupunguza uzito, kuhalalisha na kusifu, na kila kimoja kina upana wake. Kusifu na kuhalalisha huelekea moja kwa moja kwenye kutaka jambo lirudiwe. Kukana kunaweza kubeba chuki au kutoibeba, kutegemea anayesema na anaowasema. Kupunguza uzito ndicho kitenzi cha kuogopwa zaidi, kwa kuwa mtafiti anayehoji idadi ya waliouawa na mchochezi anayewadhihaki manusura wanaweza kukusanywa chini yake. Mahakama ya Katiba ya Uhispania, katika hukumu ya Novemba 2007, iliukata mstari hapohapo: ilifuta adhabu kwa kukana kutupu na kuacha adhabu kwa kuhalalisha.

Soma sasa sheria ya Rwanda ya Agosti 2018 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari. Kifungu cha 5 kinahesabu kuwa ni kukana pale mtu anaposema hadharani kwamba mauaji hayo si ya kimbari, anapopotosha ukweli wake ili kuwahadaa watu, anapodai kwamba Rwanda ilikuwa na mauaji ya kimbari mara mbili, yaani ya Watutsi na ya Wahutu, au anapoeleza kwamba mauaji dhidi ya Watutsi hayakupangwa. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 7 na faini ya faranga za Rwanda 500,000 hadi 1,000,000. Ni lazima kukiri kwamba hatua imepigwa, kwani sheria ya mwaka 2008 iliyotangulia ilikuwa na vifungo vya miaka 10 hadi 25 na maneno mapana ambayo hata watoto wangeweza kunaswa nayo.

Lakini kaa kidogo kwenye kipengele cha kupangwa. Tarehe 18 Desemba 2008, mahakama ya Arusha ilimtia hatiani Kanali Théoneste Bagosora kwa mauaji ya kimbari na wakati huohuo ikamwachia, pamoja na wenzake watatu, kwenye shtaka la kula njama ya kuyatenda, kwa kuwa ushahidi uliokuwa mbele yake haukuondoa kila maelezo mengine yanayoingia akilini. Katika kesi nyingine hali ilikuwa kinyume: Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya wakati wa mauaji, alikiri mwaka 1998 makosa yakiwemo ya kula njama. Mwanahistoria anayetaka kueleza lini, wapi na nani alipanga nini atalazimika kuzitaja hukumu zote mbili, na mwanasheria wake atalazimika kumwambia kwamba maneno ya kifungu hayamwekei wazi mahali uchambuzi unapoishia na kosa linapoanzia. Ukikuta kifungu kinachoweza kumtia hofu mtu anayesoma kwa sauti hukumu ya mahakama ileile inayotegemewa na sheria, andika jambo hilo katika maoni yako na uweke mfano.

Dai madhara yatajwe

Sheria iliyo makini haitosheki na neno lililotamkwa, bali inataka kuonyeshwa neno hilo lingefanya nini. Uamuzi wa Umoja wa Ulaya wa tarehe 28 Novemba 2008 unazitaka nchi wanachama ziadhibu kukana kunakofanywa kwa namna inayoelekea kuchochea vurugu au chuki dhidi ya kundi. Ujerumani inaadhibu, kwa kifungo kisichozidi miaka mitano, kukana makosa ya utawala wa Wanazi kwa namna inayoweza kuvuruga amani ya umma. Juni 2018 Mahakama yake ya Katiba ilitoa maamuzi mawili yanayofaa kusomwa pamoja: katika moja ilikubali kifungo cha Ursula Haverbeck, aliyekana Maangamizi ya Wayahudi, ikisema kwamba uongo wa wazi kuhusu mambo yaliyothibitishwa haulindwi na katiba na kwamba kukana kwa aina hiyo peke yake huhatarisha amani, katika jingine ilitengua adhabu ya mtu aliyeshtakiwa kwa kupunguza uzito, kwa kuwa maneno kuudhi na kutia kichefuchefu hakutoshi.

Kesi itakayokufundisha zaidi kuhusu madhara ni ya Doğu Perinçek, mwanasiasa wa Uturuki, ambaye mwaka 2005 alisema kwenye mikutano nchini Uswisi kwamba habari za mauaji ya kimbari ya Waarmenia ni uongo wa kimataifa. Mahakama ya Lausanne ilimtia hatiani mwaka 2007. Tarehe 15 Oktoba 2015, majaji wa Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya waliamua kwa kura 10 dhidi ya 7 kwamba Uswisi ilikiuka uhuru wake wa kujieleza. Hawakuamua kama ya mwaka 1915 yalikuwa mauaji ya kimbari au la, na anayeinukuu hukumu hiyo kana kwamba ilisema hayakuwa anaipotosha. Walichopima ni kama maneno yale yaliita chuki, yalisemewa wapi, ni muda gani umepita tangu matukio, na kama nchini Uswisi kulikuwa na msuguano wa kuwaweka Waarmenia hatarini. Kwa Maangamizi ya Wayahudi mahakama hiyo ina msimamo mwingine, kwamba kuyakana ni chuki dhidi ya Wayahudi hata kukivishwa joho la utafiti, hasa katika nchi zilizoonja unyama wa Wanazi. Waliolalamika kwamba mateso yamewekwa madaraja wana hoja. Ukikitazama kipimo chenyewe, hata hivyo, utaona kinaipa Rwanda nafasi pana kuliko Uswisi, kwa kuwa huko walionusurika na waliohukumiwa wanaishi jirani, na maneno ya redio ya RTLM yalikwisha kuonyesha mwaka 1994 yanavyoweza kuua.

Marekani imechagua njia ya mbali kabisa: tangu uamuzi wa Mahakama yake ya Juu katika kesi ya Brandenburg mwaka 1969, neno huadhibiwa tu likilenga na kuelekea kuleta uvunjaji wa sheria papo hapo, na kukana peke yake hakufiki hapo. Kanada iliyumba kati ya pande hizo, Mahakama yake ya Juu ikifuta mwaka 1992 kosa la kueneza habari za uongo katika kesi ya Ernst Zündel, aliyechapisha maandishi ya kukana Maangamizi ya Wayahudi, na bunge likaweka mwaka 2022 kosa la kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi kwa kuyakana Maangamizi hayo.

Ili kujua kama kifungu ulichonacho kinapima madhara, kijaribu kwa sentensi tatu. Ya kwanza: «Idadi ya waliouawa inahitaji kuchunguzwa upya.» Ya pili: «Watu wa upande mwingine nao waliuawa, na ndugu zao hawajapata haki.» Ya tatu: «Mauaji hayo yalitungwa na kundi hilo ili lijipatie huruma na fedha.» Sentensi ya tatu inawageuza waliofiwa kuwa waongo na wezi, na huwaandaa wasikilizaji kuwatendea hivyo, hiyo ndiyo ambayo sheria inastahili kuilenga. Ya kwanza inaweza kutoka kwa mtafiti au kwa mdhihaki, kwa hiyo kifungu kinapaswa kuangalia nia na mazingira. Ya pili inaweza kuwa kweli tupu: Rwanda yenyewe iliwafikisha mahakamani mwaka 2008 maofisa wa jeshi lake kwa mauaji ya maaskofu na mapadre ya Juni 1994. Inakuwa jambo jingine pale tu inapotumika kuyasawazisha mauaji ya kimbari na kuyafuta. Kama kifungu chako kinazinasa zote tatu kwa uzito uleule, hakipimi madhara.

Angalia nani anashtaki, na kwa adhabu gani

Sentensi ya pili hapo juu si ya kubuni kabisa. Victoire Ingabire, mwanasiasa wa upinzani, alirejea Rwanda Januari 2010 na kusema kwenye makumbusho ya Gisozi, Kigali, kwamba mbali na Watutsi waliouawa kwa mauaji ya kimbari wapo pia Wahutu waliouawa kwa makosa ya kivita na makosa dhidi ya ubinadamu ambao hawakumbukwi. Alishtakiwa kwa makosa kadhaa, mengine yakihusu njama dhidi ya serikali, akafungwa miaka 8 na Mahakama Kuu mwaka 2012, na Mahakama ya Juu ikaifanya miaka 15 mwaka 2013. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua tarehe 24 Novemba 2017 kwamba Rwanda ilikiuka uhuru wake wa kujieleza.

Hukumu hiyo isome yote ukiweza, maana kila upande huinukuu nusu. Majaji walikubali kwamba nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ina sababu halali ya kutunga sheria kali dhidi ya maneno yanayoyakana, na hata maneno mapana ya sheria hawakuyatumia kuibatilisha. Walichokikataa ni hatua ya mwisho: walisema kwamba maneno yaliyosemwa pale Gisozi hayakukana mauaji dhidi ya Watutsi, kwamba ukosoaji wa serikali ulipaswa kuvumiliwa, na kwamba adhabu ilizidi kiasi. Wakati huo Rwanda ilikuwa imekwisha kuondoa, mwaka 2016, tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki katika mahakama hiyo. Ingabire alitoka gerezani kwa msamaha wa rais Septemba 2018.

Somo la vitendo ni kwamba usiishie kwenye maandishi ya sheria. Kusanya majina ya washtakiwa wa miaka mitano au kumi na uangalie ni watu wa namna gani. Wakiwa ni waeneza chuki wenye wafuasi, sheria inafanya kazi yake. Wakiwa ni wapinzani, wahariri na walimu, tatizo limekwisha kujionyesha. Linganisha pia adhabu: Desemba 2024 mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwandishi Charles Onana kwa kuyapinga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kumtoza faini ya euro 8,400, naye akakata rufani. Faini ya aina hiyo inaweza kurekebishwa mahakama ya juu ikibadili uamuzi, lakini miaka iliyoliwa gerezani haiwezi kurudishwa.

Uliza pia kama kuna njia nyingine iliyokuwapo. David Irving, mwandishi wa Uingereza, alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu jijini Vienna Februari 2006 kwa kukana Maangamizi ya Wayahudi na kuachiwa Desemba mwaka huohuo, akiwa amepata umaarufu wa kuonewa. Kabla ya hapo, nchini Uingereza kusiko na sheria ya kukana, yeye ndiye aliyemshtaki mwanahistoria Deborah Lipstadt, aliyemwita mkanaji, kwa kumkashifu, na tarehe 11 Aprili 2000 Jaji Charles Gray alitupilia mbali madai yake baada ya wanahistoria kuzichambua nyaraka moja baada ya nyingine na kuonyesha alivyozipotosha. Kwa maoni yangu, hukumu ya London ilimvunja zaidi kuliko gereza la Vienna, ingawa sipuuzi kwamba mwanamke huyo alilazimika kujitetea kwa miaka na kwa gharama ambayo manusura wa kawaida hawezi kuibeba.

Kuandika mapendekezo

Ukifika kwenye kuandika, usijibu kwa kuunga mkono au kupinga muswada mzima. Nenda kifungu kwa kifungu na upendekeze maneno mbadala. Palipoandikwa mauaji yoyote ya kimbari, omba paongezwe sharti la hukumu ya mwisho ya mahakama ya kimataifa au ya nchi. Palipo na kupunguza uzito, omba neno kukithiri liambatane nalo pamoja na sharti la nia ya kuchochea chuki au vurugu, au kitenzi hicho kiondolewe. Omba kifungu cha kukinga utafiti, ufundishaji, sanaa na uandishi wa habari, kama kilichomo katika sheria ya Ujerumani, ili mwanahabari anayenukuu maneno ya mshtakiwa asije akawa mshtakiwa wa pili, na manusura anayesimulia kumbukumbu zinazopishana na taarifa rasmi asiwe na la kuogopa. Kifungo kisiwe na kiwango cha chini kinachomfunga jaji mikono. Mashtaka yaidhinishwe na mkurugenzi wa mashtaka mwenyewe, kwa maandishi yenye sababu, badala ya kuachiwa askari wa kituo. Na mwisho wa muswada omba kipengele kinachoitaka serikali ipeleke bungeni kila mwaka orodha ya mashtaka yaliyofunguliwa, maneno yaliyoshtakiwa na matokeo yake.